Theluji ya Kitabuni na Theluji ya Machoni: Krismasi ya Msafiri wa Siongiroi

Yapo maneno ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huyafahamu miaka mingi kabla ya kukiona kitu chenyewe, na neno theluji ni mojawapo. Mkazi wa Siongiroi, katika eneo la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, hulisikia kanisani tangu utotoni. Husomewa Isaya 1:18, ambapo dhambi iliyosamehewa hufananishwa na weupe wa theluji; husomewa pia Zaburi ya 51, yenye picha iyo hiyo. Hulitamka neno kwa imani, ilhali macho yake hayajapata kuliona. Makala haya yanaeleza hali inavyokuwa mkazi huyo anapojaliwa kusafiri wakati wa Krismasi hadi nchi ya theluji, na jinsi Kiswahili anachokwenda nacho kinavyomfaa au kinavyompungukia.

Safari za namna hii si ngeni. Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, lina jumuiya kubwa ya Wakenya, wakiwemo Wakalenjin. Wazazi hualikwa na watoto wao waliokwenda kusoma au kufanya kazi, na mara nyingi mwaliko huangukia Desemba, mwezi wa likizo na wa sikukuu.

Isidhaniwe kwamba msafiri huyo haijui baridi. Nyanda za Kericho na Nandi hutajwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na mvua ya mawe, na mkulima wa chai anajua hasara ya majani yaliyotobolewa. Sakitu nayo huunguza michai. Januari 2012 ilileta hasara kubwa huko Kericho na Nandi. Siongiroi penyewe, panapojulikana zaidi kwa maziwa, wafugaji wamezoea kupeleka maziwa yao kwenye mitambo ya kupozea. Baridi, basi, anaijua kama adui wa shamba na rafiki wa maziwa. Baridi inayofunika nchi nzima kwa miezi ndiyo asiyoijua.

Historia ya msamiati wenyewe inasaidia kueleza pengo hili. Theluji limetokana na neno la Kiarabu thalj, ambalo hutumika kwa theluji na kwa barafu pia. Barafu limetokana na neno la Kiajemi barf, ambalo maana yake huko ni theluji. Kiswahili kiliyapokea yote mawili, kikayagawia kazi: moja likawa la kile kinachoanguka kikiwa laini, jingine la maji yaliyoganda yakawa magumu. Hata hivyo, mgawanyo huo umekaa zaidi katika kamusi kuliko vinywani. Kambi ambayo wapandaji wengi wa Kilimanjaro hulala kabla ya kukikabili kilele inaitwa Barafu, wala si Theluji. Tena, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa mlima huo tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake wa njia aliuita baridi tu. Alikitaja kitu kwa namna kinavyouhisisha mwili. Wanajiografia wa Ulaya, akiwemo William Desborough Cooley wa London, walibishana kwa miaka mingi kama theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Yule kiongozi hakuwa na haja ya ubishi huo.

Vitenzi ndivyo vinavyomtatiza msafiri zaidi. Mvua hunyesha, na Siongiroi husikika juu ya mabati kabla haijaonekana. Theluji haina sauti. Mtu hulala pakiwa peusi, akaamka pakiwa peupe. Je, imenyesha au imeanguka? Wengi husema imeanguka, lakini kitenzi hicho kwa Mswahili kina harufu ya ajali. Kuteleza nako vivyo hivyo: kwetu ni mkosi wa njia ya matope, kule ni mchezo wa Olimpiki. Philip Boit, Mkalenjin aliyeanza kujifunza mchezo huo nchini Ufini mwaka 1996, alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza juu ya theluji huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Mtangazaji wa Kiswahili angeyasimulia vipi mashindano ambayo ndani yake anayeteleza vizuri ndiye anayesimama imara?

Kitenzi kuganda, kwa upande mwingine, kinamkuta msafiri akiwa nyumbani. Maziwa huganda, na mfugaji hufurahi. Maziwa ya Minnesota, yale ya samaki na mashua, nayo huganda, hata watu wakatembea juu yake, wakatoboa mashimo na kuvua. Mkristo anayeona jambo hilo kwa mara ya kwanza ni vigumu asimkumbuke Petro katika Mathayo 14.

Saa nayo huleta mtihani. Hesabu ya saa za Kiswahili husimama juu ya jua la ikweta: saa moja asubuhi mwanga umekwisha kuja, saa moja jioni giza limekwisha kuingia. Siku ya Krismasi mjini Minneapolis jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama takriban saa kumi na nusu. Nyanya, ambaye wajukuu humwita kogo, akisema saa kumi na mbili jioni, anataja usiku mzito. Maneno ni yaleyale, lakini jua limeyaacha.

Kuhusu sikukuu yenyewe, kuna dhana inayostahili kusahihishwa. Kadi na mapambo yamewazoesha wengi kufikiri kwamba Krismasi ya theluji ndiyo Krismasi kamili, na kwamba ile ya Siongiroi ni nakala hafifu. Injili ya Luka haina theluji. Ina wachungaji waliokesha kondeni wakilinda makundi yao, kazi ambayo Mkipsigis aliyekulia zizini haihitaji kuelezwa. Theluji iliingia katika picha za Noeli kutoka Ulaya ya kaskazini. Kwa hiyo mzazi anayesafiri haendi kuiona Krismasi ya asili. Anakwenda kumwona mwanawe.

Tofauti ya saa kati ya Kenya na Minnesota wakati huo wa mwaka ni 9. Ibada inapoanza Siongiroi saa nne asubuhi, huko ni saa saba usiku. Familia inayotaka kusikia nyimbo za nyumbani kwa simu hulazimika kukesha. Nyimbo zikiisha, wa Siongiroi huuliza theluji ikoje. Mzazi anaweza kulirudia neno la kitabuni, nalo halitawaongezea kitu wanaolijua tayari. Anaweza pia kufanya kama Zaburi ya 147, inayoifananisha theluji na sufu, kwani kondoo wapo kwao. Au atasema, kama yule kiongozi wa Rebmann, kwamba ni baridi.