KURA HAIKUWA UJIRA

Wako wasemao kwamba wanawake wa Uingereza walipewa kura kuwa ni ujira wa kazi waliyoifanya katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini hayalingani na mambo yalivyokuwa. Nasi twaona yafaa kuyapima upya, kwa kuwa hoja hiyo hiyo hutumiwa na kila atakaye wenziwe wangoje: fanyeni kazi kwanza, haki itakuja baadaye.

Ni kweli kwamba wanaume walipokwenda vitani wanawake waliingia viwandani kwa wingi. Walitengeneza risasi, wakajaza baruti katika makombora, wakakata tikiti katika magari ya abiria, wakalima mashamba. Miongoni mwao waliokuwa wakiishika dawa kali ya kulipulia, ngozi zao ziligeuka manjano, na wengine walikufa kwa sumu yake.

Tarehe 6 Februari 1918 ikapita sheria ya kura. Tuulize basi: ni nani waliopewa? Mwanamume alipewa kura akiwa na miaka 21. Mwanamke alitakiwa atimize miaka 30, na tena, isipokuwa wachache, awe yeye au mumewe ana nyumba au mahali panapomstahilisha. Wakubwa waliogopa kwamba wanawake wangekuwa wengi kuliko wanaume katika daftari la wapiga kura. Kwa hiyo msichana wa miaka 22, aliyerudi kutoka kiwandani na ngozi ya manjano, hakupata kitu. Kama kura ilikuwa ujira, mbona alinyimwa yeye aliyeifanya kazi?

Vita ilipokwisha, sheria ya mwaka 1919 ilirudisha desturi za kazi za kabla ya vita, na wanawake wengi wakatolewa viwandani. Walioomba posho ya wasio na kazi waliambiwa warudi kuwa watumishi wa majumbani, na aliyekataa aliweza kunyimwa posho hiyo. Fadhila za punda ni mateke.

Hata hivyo hawakukaa kitako wakalia. Mwezi wa Desemba 1919 Bibi Nancy Astor alikuwa mwanamke wa kwanza kuketi katika Bunge la Uingereza. Vyama vya wanawake viliendelea kudai kwa mikutano na maombi, mwaka baada ya mwaka, mpaka tarehe 2 Julai 1928 mwanamke akapata kura kwa miaka 21 sawasawa na mwanamume. Bibi Emmeline Pankhurst, aliyefungwa mara nyingi kwa ajili ya jambo hilo, alikuwa amefariki siku 18 kabla yake. Mwaka 1929 Bibi Margaret Bondfield, aliyeanza kazi ya dukani akiwa na miaka 14, akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la nchi ile.

Na sisi huku tunao ushahidi wetu. Mwaka ule wa 1919 Serikali ya kikoloni ya Kenya iliwapa kura walowezi wa Kizungu, waume kwa wake. Waafrika, ambao maelfu kwa maelfu yao walibeba mizigo ya vita ile ile hata wakafia njiani, hawakupewa hata moja. Walingoja mpaka 1957 ndipo wakachagua wajumbe wao wa kwanza. Lau kazi na jasho ndiyo bei ya kura, nani angestahili kutangulia kuliko wapagazi wale, na wake zao walioachiwa majembe?

Basi funzo ni wazi. Kazi humpa mtu sauti ya kudai, lakini haidai kwa niaba yake. Na kura nayo haikatai kuchezewa: walimu wanawake wa Uingereza waliendelea kuachishwa kazi kwa sababu ya kuolewa mpaka sheria ya 1944, na sheria ya mshahara sawa haikupita mpaka 1970, miaka 42 baada ya kura kuwa sawa. Aliyepata kura akalala, amepata nusu.

Wazee wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mahali popote panapogawanywa kazi, mishahara na madaraka, wanawake na wawepo, si kwa hisani ya mtu, bali kwa haki yao.