Johera: Chimbuko na Imani za Kanisa la Kristo katika Afrika

Miongoni mwa makanisa yaliyojitenga na misheni katika Afrika ya Mashariki, Kanisa la Kristo katika Afrika, lililoasisiwa Nyanza, magharibi ya Kenya, mwaka 1957, lina jambo moja lisilo la kawaida. Halikuzuka kwa unabii mpya, wala kwa mgogoro wa tohara kama yale ya Wakikuyu ya miaka ya 1930. Waasisi wake waliondoka katika Kanisa la Kianglikana wakiwa wangali wanakitumia Kitabu cha Sala cha kanisa hilo hilo. Hata jina walilojulikana kwalo, Johera, limejengwa juu ya neno la Biblia. Makala haya yanashikilia kwamba jina hilo ndilo ufunguo wa imani ya kanisa hili, na kwamba mtaalamu anayelieleza kama tawi tu la harakati za uhuru wa kisiasa anaueleza mwaka wa kuzaliwa kwake, wala si kiini chake.

Katika Kijaluo, kiambishi jo- hufanya kazi inayokaribiana na ya wa- katika Kiswahili, na hera ni upendo. Johera basi ni watu wa upendo. Yafaa izingatiwe kuwa neno hera lina upana mkubwa. Kiswahili humwezesha msemaji kuchagua baina ya upendo, mapenzi, huba na mahaba, na kila chaguo huwa na mahali pake. Mjaluo aghalabu hutumia hera kwa mzazi na mwanawe, kwa marafiki, na kwa mke na mume. Kigiriki cha Agano Jipya, kwa upande wake, hutofautisha agape na filadelfia, yaani upendo wa ndugu kwa ndugu. Neno hera lilipobebeshwa mzigo huo wa maandiko halikuacha maana zake za nyumbani. Kwa msomaji wa Kijaluo, agizo la kupendana kama ndugu halikuwa fumbo la kiroho. Lilikuwa agizo la kukaribishana, kula pamoja na kusikilizana.

Msomaji huyo alikuwa amekwisha kuandaliwa. Wamisionari wa Kianglikana waliweka kituo na shule Maseno mwaka 1906, na Agano Jipya katika Kijaluo lilichapishwa mwaka 1926. Kisha likaja vuguvugu la uamsho lililowaka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, likapita Uganda na kufika Kabete mwaka 1937 na Maseno mwaka 1938. Uamsho ulifundisha mambo machache kwa ukali mwingi: mtu atubu dhambi zake hadharani, aitumainie damu ya Yesu, kisha aenende nuruni pamoja na wenzake waliookoka. Ungamo hilo halikujali cheo. Mzungu aliyemtamkia Mwafrika dhambi ya kiburi chake alikuwa ametenda jambo ambalo utaratibu wote wa kikoloni haukuwa na nafasi yake.

Uamsho huo huo, hata hivyo, uliligawa Kanisa la Nyanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na Joremo, watu wa damu, ambao msisitizo wao ulikuwa damu ya Yesu na mstari ulio wazi baina ya aliyeokoka na asiyeokoka. Palikuwa pia na Johera, waliodai kwamba wokovu usiozaa upendo kwa ndugu, aliyeokoka na asiyeokoka, umepungukiwa. Johera waliongozwa na kasisi Matthew Ajuoga. Walilalamika kuwa wakuu wa kanisa hawakuwatendea kwa haki katika ugomvi huo, na kwamba wamisionari walihubiri undugu wasiouishi.

Biblia nzima ya Kijaluo ilitoka mwaka 1953, na ndipo hoja ya Johera ikapata silaha yake. Walichokilalamikia waliweza sasa kukipima kwa kitabu walichopewa na wamisionari wenyewe, katika lugha waliyoijua kuliko wamisionari. David Barrett, aliyewahi kuwa mmisionari Nyanza, alilipa jambo hilo uzito mkubwa katika utafiti wake wa mwaka 1968 kuhusu harakati za kidini zipatazo elfu sita: tafsiri ya maandiko katika lugha ya wenyeji ni mojawapo ya vyanzo vikuu vya kujitenga. Nadharia hiyo ina nguvu, ingawa haijitoshelezi. Biblia ile ile ilisomwa na Wajaluo wengi ambao hawakuhama.

Wala maelezo ya rangi peke yake hayatoshi. Dayosisi ya Mombasa, ambayo Nyanza ilikuwa sehemu yake, iliongozwa na Leonard Beecher, Mwingereza. Lakini mwaka 1955 Festo Olang', mwana wa Nyanza, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza nchini Kenya kupata daraja hiyo. Kilichotafutwa na Johera kilizidi kuuona uso mweusi chini ya kofia ya uaskofu. Ndiyo maana Welbourn na Ogot, walipolichunguza kanisa hili katika kitabu chao cha mwaka 1966, walizungumzia mahali ambapo mtu anajiona yuko nyumbani.

Katika itikadi, kanisa jipya lilibadilisha machache. Mamlaka ya Biblia, wokovu kwa imani, toba ya mtu binafsi na wajibu wa kuhubiri Injili vilibaki. Ngazi za askofu, kasisi na shemasi zilibaki pia, pamoja na ibada iliyopangwa. Tofauti ilijitokeza palipogusa nyumba, hasa ndoa ya wake wengi. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888 ulikuwa umeamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe, ingawa wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani. Johera walilegeza kanuni hiyo, kwani kumfukuza mke ili mume apate ubatizo kulionekana kwao kuwa kosa dhidi ya upendo wenyewe. Mwaka 1988 mkutano huo huo wa Lambeth uliruhusu, kwa masharti, mtu wa namna hiyo abatizwe bila kulazimishwa kuwaacha wake zake. Kanisa mama lilifika huko miaka 31 baada ya Johera kutoka.

Ajuoga alikuja kuwa askofu mkuu, na aliwahi pia kuwa mwenyekiti wa umoja wa makanisa huru ya Afrika ulioanzishwa Cairo mwaka 1978. Mtihani mgumu zaidi, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kuja kutoka ndani. Mwaka 1960, miaka mitatu tu baada ya kuasisiwa, sehemu ya waumini ilijitenga na kuunda Kanisa la Utatu Mtakatifu katika Afrika. Walichukua ibada na imani ile ile. Jina la upendo waliwaachia wenzao.