Meya wa Mji Hupimwa kwa Mizani Ipi?



Tangu Mei 2016, kila litajwapo jina la Sadiq Khan katika mabaraza yetu, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja humsifu kwa kuwa ndiye Mwislamu wa kwanza kukikalia kiti cha umeya wa London, mwana wa dereva wa basi na mama mshonaji waliohamia huko kutoka Pakistan. Kundi la pili humlaumu kwa kura alizopiga bungeni kabla ya umeya, ambazo haziafikiani na mafundisho ya dini. Kwa maoni yetu, makundi yote mawili yameliacha swali lenyewe: aliyepewa amana ya kuuendesha mji, ameuendeshaje? Atakayezoea kulijibu swali hili kwa insafu juu ya mtu wa mbali, ndiye atakayeweza kulijibu juu ya kiongozi wa karibu, ambapo nafsi huingiliwa na ujamaa, ukabila na maslahi.

Wanazuoni wetu waliifanya kazi hii kuwa elimu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, katika kitabu chake Al-Ahkam al-Sultaniyya aliweka mlango mzima juu ya hisba, usimamizi wa masoko, mizani na mambo ya umma. Tunalolipata hapo ni kwamba kila mwenye cheo ana mpaka wa cheo chake, na huulizwa kwa yale yaliyo chini ya mkono wake. Basi tujue kwanza mkono wa meya wa London unafika wapi. Mji ule una halmashauri 32, mbali na eneo la kale liitwalo City of London. Halmashauri hizo ndizo zizoazo taka na zenye nyumba za umma za kupangisha. Hospitali ziko chini ya serikali kuu. Meya ana usafiri, mpango mkuu wa ujenzi, fedha za nyumba nafuu, na bajeti za polisi na zimamoto. Nalo baraza la wajumbe 25 humhoji.

Umuhimu wa kujua mipaka hiyo ulidhihiri usiku wa 14 Juni 2017, katika mwezi wa Ramadhani, jengo la Grenfell lilipowaka moto na watu 72 wakafariki, miongoni mwao Waislamu wengi. Jengo lile lilikuwa mali ya halmashauri ya Kensington na Chelsea, si ya meya. Anayemlaumu kwa kuta zile amemdhulumu. Lakini ripoti ya uchunguzi ya 2019 ilikikosoa pia kikosi cha zimamoto kwa kuchelewa kuwaamuru wakaazi watoke nje, na kikosi hicho kimo katika himaya yake. Hapo hana budi kuulizwa. Msiba ni mmoja, na mas-uliya yamegawanyika.

Tukianza na usafiri, Septemba 2016 alileta nauli iitwayo Hopper: mtu akishalipa basi la kwanza, hupanda la pili ndani ya saa moja bila ya kulipa tena, na tangu 2018 hupanda mengi atakavyo ndani ya saa hiyo. Mama ampelekaye mtoto shule kisha akaenda kazini ndiye aliyenufaika zaidi. Vilevile alizuia nauli nyingi zisipande kwa miaka minne. Wapinzani wake husema kuwa hatua hiyo iliudhoofisha mfuko wa usafiri, nao mfuko huo ukaja kuhitaji kuokolewa na serikali kuu wakati wa korona. Hoja hiyo ina uzito, ingawa abiria walipobaki majumbani hakuna nauli ambayo ingeutosha. Reli ya Elizabeth, iliyotarajiwa Desemba 2018, ilifunguliwa Mei 2022. Aliirithi ikiwa inajengwa. Sifa si zake peke yake, wala lawama si zake peke yake.

La hewa ndilo lililomletea uadui mkubwa. Mwaka 2019 alianza kuwatoza wenye magari ya moshi mchafu pauni 12.50 kwa siku katikati ya mji, na kufikia Agosti 2023 tozo hiyo ikaenea London nzima. Halmashauri tano zilimshitaki, na mahakama ikampa haki. Nyuma yake kulikuwa na jambo zito: binti wa miaka 9 alifariki mwaka 2013 kwa pumu, na mwaka 2020 afisa wa uchunguzi wa vifo akathibitisha kuwa uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Hata hivyo, fundi mwenye gari kuukuu naye ana haki. Msaada wa kubadilisha magari ulifunguliwa kwa wakaazi wote Agosti hiyo hiyo tu, tozo ikiwa mlangoni. Kusudio lilikuwa jema, na utaratibu wake ukawaelemea wanyonge.

Septemba 2023 alianzisha chakula cha mchana cha bure kwa watoto wote wa shule za msingi za umma. Hatuna la kupinga hapo.

Katika usalama wa wanawake hisabu yake ni nzito. Mwaka 2021 askari wa London alimteka mwanamke barabarani na kumwua. Februari 2022 meya alitangaza kutokuwa tena na imani na mkuu wa polisi, Cressida Dick, naye akajiuzulu. Machi 2023 ripoti ya Louise Casey ikaeleza kuwa dharau kwa wanawake na ubaguzi wa rangi vimekita mizizi ndani ya jeshi lile. Meya alikuwa katika mwaka wake wa saba. Kuchukua hatua ni jambo la kusifiwa, lakini mlinzi huulizwa pia alikuwa wapi kabla ya hapo.

Na nyumba? Ujenzi wa nyumba nafuu zaidi ya 116,000 ulianzishwa kufikia 2023, kisha ujenzi mpya ukaporomoka, na kodi zinaendelea kuwatoa jasho wapangaji. Aliomba mamlaka ya kudhibiti kodi akanyimwa. Hapa tunaona ahadi iliyozidi uwezo, na kiongozi hapaswi kuahidi asichokishika.

Wakaazi wa London walimchagua 2016, 2021 na 2024. Kwetu sisi, katika usafiri na watoto amefanya vyema, katika hewa amefanya la haki kwa njia ngumu, katika polisi amechelewa, na katika nyumba amepungukiwa. Uislamu wake hauongezi wala haupunguzi kitu katika mizani hiyo. Wanaomchukia kwa ajili ya dini yake wanamdhulumu. Wanaomsifu kwa ajili hiyo tu, wameshika mizani ile ile upande wa pili.

Hapa kwetu mameya waliondoka na Katiba ya 2010, na tangu 2013 tuna magavana. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti afya, chekechea, masoko, uzoaji taka na barabara za kaunti. Polisi, shule za msingi na za upili ni za serikali kuu. Basi mama akikosa dawa katika zahanati, amwulize gavana. Akikosa mwalimu wa darasa la nne, asimwulize yeye. Na amwulizapo, amwulize kwa kitu kinachoonekana: dawa ipo au haipo, taka imezolewa au haikuzolewa. Asiridhike na jibu kwamba gavana ni mwenzetu, kwani mwenzetu akiharibu, madhara yake hutuangukia sisi kwanza.

Tunamwomba Allah atupe viongozi wenye kuogopa hisabu, na atupe sisi insafu ya kuwahukumu. Wabillahi tawfiq.