Lodwar na Kakuma Kwenye Mbio za Nukta na Vistari

Sheria za mashindano ya Morse ni hizi: nukta ni pigo 1, kistari mapigo 3. Ukimya ndani ya herufi ni pigo 1, na kati ya herufi na herufi mapigo 3. Sasa majina ya Turkana yaingie uwanjani.

1. Watani wa jadi
LODWAR na KAKUMA yana herufi sita kila moja, lakini Kakuma inashinda kwa mapigo 57 dhidi ya 63. Kinachoirudisha Lodwar nyuma ni O, vistari vitatu vitupu, mapigo 11 peke yake. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, Kakuma inamaliza kwa sekunde 3.4, Lodwar 3.8.

2. Sare ya ajabu
TURKWEL, mto unaopita Lodwar, una herufi saba, moja zaidi ya mji. Mapigo yake? 63! Unaokolewa na E, nukta moja tu, herufi fupi kuliko zote, na T, kistari kimoja. Na maji yenyewe, ambayo Waturkana huyaita NGAKIPI? 63 vilevile. Mji, mto na maji yake vinafika pamoja, na hakuna aliyepanga! Katika orodha hii yote, hili ndilo nalipa kombe.

3. Jina refu
NARIOKOTOME, yalikopatikana mabaki ya Kijana wa Turkana mwaka 1984, lina herufi 11 na mapigo 103. LOKICHOGGIO nalo lina herufi 11, ila mapigo ni 123. Lodwar mbili kasoro mapigo matatu!

4. Tarakimu nzito
Sifuri ni vistari vitano, mapigo 19. Hakuna herufi ya A hadi Z inayoifikia. Ndiyo maana namba ya posta ya Lodwar, 30500, inakula mapigo 91, mengi kuliko jina la mji wenyewe. Kakuma, 30501, ni 89. Imeshinda tena.

5. Sikio la kasi
Mmarekani Ted McElroy, tarehe 2 Julai 1939 mjini Asheville, alipokea maneno 75.2 kwa dakika. Kwa kasi hiyo Lodwar nzima inapita kwa sekunde moja.

6. Wa kwanza
Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alituma ujumbe kutoka Washington hadi Baltimore, kilomita 60 na ushee: nusu ya barabara ya Lodwar hadi Kakuma. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulikuwa umeshafika Zanzibar.

7. Safari ndefu
Wapenzi wa redio hurusha Morse hadi Mwezini ikadunda na kurudi, kilomita kama 768,000, yaani barabara ya Lodwar–Kakuma mara 6,400, kwa sekunde 2.6 hivi. Tuma LODWAR kwa maneno 20 kwa dakika: kabla hujamaliza W, L imeshaanza kurudi.