Kadi au Jedwali? Juu ya Kupanga Kamusi Yenye Sauti

Mwanaisimu akusanyapo maneno, sauti na picha ili kuunda kamusi itakayosikika kwenye kompyuta, hukabiliwa mapema na swali ambalo mara nyingi huachiwa fundi: data ipangwe vipi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni la isimu pia.

Tuanze na HyperCard, programu iliyobuniwa na Bill Atkinson na kutolewa na kampuni ya Apple mwaka 1987. Kazi iliyoundwa humo ni rundo la kadi, kila kadi ikiwa na maandishi, picha na vitufe vya kubonyeza ili sauti isikike. Huo ni muundo wa faili bapa: yote yahusuyo neno moja hukaa pamoja, kama katika vikaratasi vya watunga kamusi wa zamani. Kwa orodha fupi, hatuoni ubaya wowote.

Ugumu huanza lugha inapokataa kuwa orodha. Tuchukue neno *mtu*, ambalo katika Kiswahili cha Lubumbashi husikika pia *muntu*, wingi *bantu*. Je, *muntu* ipewe kadi yake? Ikipewa, maana na picha vitarudiwa. Na mzungumzaji aliyerekodiwa akitamka maneno 400, jina lake na mahali alipokulia vitaandikwa katika kadi 400. Ikigunduliwa baadaye kuwa alikulia Likasi, kadi zote hazina budi kusahihishwa. Tatu zikisahaulika, mtafiti wa lahaja ataona tofauti ya mahali ambayo haikuwapo kamwe.

Dawa ilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM nchini Marekani. Data hugawanywa katika majedwali: la maana, la maumbo, la wazungumzaji, la rekodi. Kila mstari una namba yake, na jedwali moja hulitaja jingine kwa namba hiyo tu. Mzungumzaji huandikwa mara moja. *Mtu* na *muntu*, maumbo mawili, huelekea maana moja. Hata methali, iliyo mali ya maneno yote yaliyomo, hurekodiwa mara moja, kisha jedwali dogo la kati huiunganisha na kila neno. (Mwanafunzi wa isimu atakuwa amekwisha kutambua kazi yake ya kila siku: kutenga umbo na maana.)

Hata hivyo, mpango mzuri pekee hautoshi. HyperCard iliacha kuuzwa mwaka 2004. Mwenye sauti zilizofungwa ndani ya rundo lake leo hutafuta mashine kuukuu, au programu ya kuiiga. Shoebox ya SIL, iliyotumiwa na wanaisimu wengi, nayo ilikuwa ya faili bapa, lakini iliandika matini ya kawaida, kila habari ikitanguliwa na alama, kama \lx kwa neno lenyewe. Matini hayo yasomeka hadi sasa katika programu yoyote ya kuandikia. Kwa hiyo twapendekeza kazi ifanyike katika majedwali yenye mahusiano. Sauti zikae nje, kila moja katika faili lake lenye namba. Na kila mwezi majedwali yote yatolewe nakala ya matini matupu, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza namba hizo.