Kundi limepata 18, mtoto wako kapata ngapi?

Jumapili moja jioni dada yangu aliniwekea karatasi mbili mezani. Zote zilikuwa za binti yake wa Darasa la Nne. Ya kwanza ilikuwa kazi ya kundi ya Hisabati, alama 18 kati ya 20. Ya pili ilikuwa jaribio la mada hiyohiyo ya sehemu, ambalo kila mtoto alilifanya peke yake. Alama 4 kati ya 20.

“Wewe ndiye msomi wa familia. Hebu niambie, hii ni nini?” aliniuliza.

Kwa kuwa naandika habari za afya, jambo la kwanza nililolifikiria ni macho. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni anaweza kujificha ndani ya kundi muda mrefu, kwa sababu wenzake humsomea. Nikamwomba mpwa wangu asome kalenda iliyoning’inia upande wa pili wa sebule. Akasoma yote, hadi jina la duka lililoandikwa chini kwa herufi ndogo.

Nikamuuliza, kwenye kundi lenu wewe huwa unafanya nini?

“Mamdogo, mimi ndiye katibu. Nina mwandiko mzuri. Wenzangu wananitajia, mimi naandika.”

Jibu likawa limepatikana. Zile alama 18 zilikuwa na mwandiko wake, lakini hesabu zilikuwa za mwenzake mmoja.

Wengi wakivuta kamba

Tatizo hili halikuanza na watoto wetu. Mwaka 1913, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya watu kuvuta kamba. Aliona kuwa kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu pungufu kuliko akivuta peke yake. Ndivyo inavyotokea pia mezani kwa watoto sita: mmoja anakokotoa, mmoja anaandika, wanne wanasubiri kengele.

Hii haina maana kuwa kazi za makundi hazifai. Mtoto anapomweleza mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, naye huelewa zaidi. Mwenye aibu huweza kumuuliza jirani yake swali ambalo asingethubutu kumuuliza mwalimu mbele ya darasa zima. Shida huja pale kundi linapochukua nafasi ya mtoto kufikiri mwenyewe.

Kwanza peke yake

Walimu wana mbinu za kuunganisha mambo haya mawili, na baadhi ni rahisi. Mwaka 1981, Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alieleza utaratibu wa hatua tatu. Mwalimu anauliza swali, kila mtoto anafikiri kimya, kisha anajadiliana na jirani yake, ndipo darasa zima linasikilizana. Hakuna haja ya kuhamisha madawati, kwa hiyo hata darasa lililojaa linaweza.

Kabla ya hapo, mwaka 1971, Elliot Aronson na wenzake walijaribu njia nyingine katika shule za Austin, Texas. Somo liligawanywa vipande, kila mtoto akapewa kipande chake akisome na kuwafundisha wenzake. Mwisho, kila mmoja alifanya jaribio la somo lote peke yake. Hapo hapakuwa na nafasi ya kujificha.

Dada yangu alikwenda kumwona mwalimu. Hakwenda kugomba. Darasa lile lina watoto zaidi ya 90, wakati kiwango kilichowekwa nchini kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Karatasi 15 za makundi zinasahihishika kabla ya kipindi kijacho. Karatasi 90 hazisahihishiki.

Walikubaliana mambo madogo. Katibu abadilike kila wiki. Watoto wajaribu swali la kwanza kimya kabla ya kukaa kwenye makundi. Na mwalimu ndiye achague nani asimame kueleza jibu la kundi, bila kumtaja mapema, ili kila mmoja ajiandae.

Mzazi afanye nini?

Mtoto akirudi na kazi ya kundi, usiishie kuuliza wamepata ngapi. Muulize, “Wewe ulifanya sehemu gani? Nioneshe swali moja.” Kama hawezi, usimfokee. Umeshajua pa kuanzia.

Kwenye kazi za nyumbani, mwache ahangaike mwenyewe kwanza, hata dakika kumi, kabla kaka yake hajamsaidia. Akishasaidiwa, funga daftari, mpe swali linalofanana na lile, alifanye bila kutazama.

Hatua hiyo ya mwisho ina ushahidi. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliosoma habari fupi. Walioirudia kuisoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Lakini baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima kwa kuiandika kutoka kichwani ndio waliokumbuka zaidi.

Na kama mtoto anakodoa macho, anaisogelea sana televisheni, analalamika kichwa kumuuma baada ya kusoma, au kila mara anasema “eti?” ukimwita, mpeleke hospitali apimwe macho na masikio kabla hujamwita mvivu.

Mpwa wangu alilia siku ya kwanza aliponyang’anywa kalamu ya ukatibu. Kwa wiki kadhaa, mama yake alimpa swali moja kila jioni baada ya chakula, swali moja tu, huku wadogo zake wakikatazwa kusogea.

Jaribio lililofuata alipata 11. Dada yangu alinitumia picha ya karatasi hiyo kwa simu. Chini yake aliandika: “Bado tuna kazi. Ila hizi ni zake.”