Nyumba ya Kitambaa Kabla ya Nyumba ya Mawe

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wa Kambi Moto, kitongoji cha mabanda kilichoko Huruma jijini Nairobi, walisimamisha nyumba ya kitambaa. Walisimika nguzo za mbao, wakazungushia vitambaa badala ya kuta, kwa vipimo vile vile vya nyumba waliyokusudia kujenga. Kisha wakaingia ndani, wakaitazama na kuijadili. Katika nyumba kama hiyo, ngazi ikibana huhamishwa, mlango ukikaa vibaya huhamishiwa upande wa pili. Kusogeza kitambaa ni kazi ya dakika chache, lakini kubomoa ukuta wa mawe ni hasara.

Nikitakiwa kueleza maana ya kuwashirikisha wakazi katika kupanga nyumba za bei nafuu, huanzia hapo. Michoro yetu sisi wapangamiji husomwa na wachache. Nyumba ya kitambaa humwezesha hata asiyejua kusoma kusema pale jiko litakapomchoma mtoto na pale godoro litakapokosa nafasi. Tena hayo husemwa mapema, wakati neno la mkazi bado linaweza kubadilisha kitu. Baraza linaloitishwa mchoro ukiwa umeshapitishwa na mkandarasi ameshapatikana ni la kutoa taarifa tu, hata likijaza viti.

Kabla ya kitambaa kulikuwa na hesabu. Wakazi wa Huruma walijihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ina uzito kwa sababu mitaa ya mabanda ina watu wa aina mbili: wenye mabanda, ambao baadhi yao hawaishi humo, na wapangaji, ambao ndio wengi. Mradi ukifika, swali linalowagawa watu ni moja: nyumba atapewa nani? Kambi Moto walikubaliana kwamba mwenye mabanda apate nyumba moja na mpangaji naye apate moja. Makubaliano ya namna hiyo hayatoki ofisini, kwa kuwa yanamtaka mtu akubali kupoteza kodi ili jirani yake apate makao. Na orodha ya majina ikisomwa mbele ya majirani, jina la uongo halina pa kujificha.

Kisha ikaja bei. Ardhi ilikuwa finyu, hivyo kila nyumba ilipewa kiwanja cha takriban mita 4.5 kwa mita 4.5 na ikapangwa kwenda juu. Familia ilianza na chumba cha chini, ikaongeza ghorofa kadiri ilivyopata fedha. Waliweka akiba kidogo kidogo katika vikundi vyao, wakakopa, na wengi wakatoa nguvu zao kwenye ujenzi, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Neno “nafuu” lilipimwa kwa kipato cha kibarua anayelipwa leo kwa kazi ya leo. Yeye hawezi kutoa malipo ya awali ya mkupuo, hata nyumba ikitangazwa kuwa rahisi namna gani.

Huenda msomaji akasema kuwa hayo yanawezekana kwa familia mia mbili tatu tu. Lakini Mukuru, katika eneo la viwanda la Nairobi, ina takriban kaya laki moja katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza eneo hilo kuwa eneo maalumu la mipango. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake waliwapanga wakazi katika makundi ya kaya kumi kumi, kila kundi likiwa na mwakilishi wake, na maoni yakapanda kutoka kundi hadi mtaa. Utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipa zaidi kwa mtungi wa maji kuliko jirani yake wa mtaa uliopimwa anayelipa kwa mita. Kwa hiyo maji, mabomba ya majitaka na barabara vilitajwa pamoja na nyumba. Hata upana wa barabara ulijadiliwa, maana vipimo vya kawaida vingewaondoa watu wengi, na kila mita inayoongezwa ina familia inayolala juu yake. Kuanzia 2020, barabara na mabomba yalianza kujengwa.

Hata hivyo, Novemba 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa makao yao ili kupisha barabara. Ilikuwa pigo kwa kila aliyeketi miaka ile kupanga. Nilichojifunza ni kwamba mpango wa wananchi hauna budi kuifunga kila idara ya serikali. Idara moja ikiwa huru kuupuuza, jasho la wote hupotea kwa siku moja ya tingatinga.

Katiba ya Kenya ya 2010 inataja haki ya makazi bora katika Ibara ya 43, na ushirikishi wa wananchi katika Ibara ya 10. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Mwananchi ndiye mlipaji, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Je, mchoro bado unaweza kubadilishwa? Wapangaji wamo kwenye orodha? Malipo ya kwanza ni kiasi gani, na ya kila mwezi? Tutaishi wapi wakati wa ujenzi, na nani ametia saini kwamba tutarudi?

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mkiitwa kwenye mkutano wa mradi, nendeni na kamba na vigingi. Mwombeni mhandisi achore nyumba yenu chini, hapo hapo uwanjani, kwa vipimo kamili. Ingizeni kitanda, ingizeni jiko, simameni ndani na watoto wenu. Mtakachokiona hapo ndicho cha kusema, na kisemwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa.